Ukubwa ulitimia, simulizi haikutimia: kisa cha kuunganisha vipande vinane vya video

## Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina nimeyaondoa, na mambo machache ya kifamilia yasiyohusu ufundi nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Nimekiandika kwa sababu kosa lililofanyika humu linafanyika majumbani kila siku, na wengi wanaolifanya hawagundui mpaka vipande vya asili vimeshafutwa.

Familia moja iliamua kumrekodi bibi yao, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, akisimulia nasaba ya ukoo: nani kamzaa nani, nani kaoa wapi, nani alipanda jahazi asirudi tena. Katika ukoo ule yeye ndiye wa mwisho anayeijua silsila yote kwa kichwa. Alikubali kwa sharti moja. Atakaa kitako siku moja, atasema anayoyajua, basi. Hakutaka kusikia "bibi, rudia hapo."

Shughuli alikabidhiwa mjukuu wake, kijana aliyemaliza kidato cha sita. Aliazima kamera ndogo, zile za michezo, yenye memori kadi ya gigabaiti 32. Nyumbani kulikuwa na laptopu ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski iliyokaribia kujaa. Shangazi yake aliyeko Maskati ndiye aliyesukuma jambo hili tangu mwanzo, na ombi lake lilikuwa wazi: faili moja tu. "Nibonyeze mara moja, nimsikilize mama mpaka mwisho."

Kamera haikutoa faili moja. Memori kadi za gigabaiti 4 hadi 32 kwa kawaida hufomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi, na mfumo huo haukubali faili linalofika gigabaiti 4. Kamera ikikaribia kikomo hicho hufunga faili na kufungua jingine papo hapo, bila kusimamisha kurekodi. Kwa ubora aliouweka kijana, gigabaiti 4 zilikuwa kama dakika 12. Mkataji huyu hajali sentensi wala pumzi: neno likiwa nusu mdomoni, nusu yake inabaki faili hili na nusu inaangukia lile.

Bibi alizungumza kwa mikao miwili, kabla ya adhuhuri na baada ya chakula. Mkao wa kwanza ulitoa vipande vitano, wa pili vitatu. Jumla ni vipande vinane, gigabaiti 28.5, dakika 85 hivi. Katikati kulitokea jambo. Betri ya kamera iliisha wakati bibi bado anaendelea, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Mama mdogo wa kijana akainua simu yake, akaishika wima, akarekodi dakika 9 mpaka bibi mwenyewe aliposema anakwenda kuswali.

## Mambo yalivyofuatana

Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake palikuwa na arusi ya binamu, na kamera na kadi vilikuwa vinahitajika huko. Usiku ule kijana alihamishia vipande vyote vinane kwenye laptopu. Vilipokwisha kuingia, nafasi iliyobaki kwenye diski ilikuwa kidogo zaidi ya gigabaiti 30.

Alitafuta njia ya kuunganisha bila kununua programu. Akaiona video fupi inayofundisha amri moja ya Windows, akaiandika kwenye daftari, kisha akaitekeleza ndani ya folda ya vipande:

`copy /b *.MP4 D:\bibi_yote.mp4`

Ilichukua zaidi ya nusu saa. Ilipomaliza alikagua. Kwanza alilinganisha ukubwa: jumla ya vipande vinane na faili jipya vililingana mpaka baiti ya mwisho. Pili alifungua faili: bibi akatokea, akapiga bismillah, sauti safi, picha safi. Alitazama dakika mbili, akafunga.

Kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, alifuta vipande vinane na pipa la taka akalimwaga. Asubuhi alifomati kadi. Arusi ilirekodiwa juu ya kadi ileile mpaka ikajaa, na Jumapili usiku video za arusi zikahamishiwa kwenye laptopu ileile.

Jumatatu alitaka kuliweka faili la bibi kwenye flashi tupu ya gigabaiti 32 ampe jamaa anayesafiri. Kompyuta ikakataa: faili ni kubwa mno kwa mfumo wa flashi hiyo. Hicho ni kikomo kilekile cha gigabaiti 4 kilichokata video mwanzoni, kimerudi kupitia mlango mwingine. Kukwama huko ndiko kulikomfanya akae kulitazama faili lote. Ilipokaribia dakika ya 12, bibi akiwa katikati ya neno, video ikaisha.

Alikuja kwangu jioni hiyo akiwa ameikumbatia laptopu. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijaitikia: "Nimemfuta bibi."

## Hali niliyoikuta

Nilimwambia aizime laptopu kwanza, kisha tuzungumze. Kompyuta ikiwa imewashwa huandika vitu kwenye diski muda wote, na mahali palipofutwa kitu ndipo inapopenda kuandika.

Nilimuuliza mambo matatu. Amri aliyotumia ilikuwaje, herufi kwa herufi? Vipande vilikuwa na majina gani? Na tangu avifute, ameweka nini kwenye diski? Daftari lilijibu swali la kwanza, na jibu lile ndilo lililonipa matumaini. Swali la tatu lilifunga njia ya mkato: video za arusi zilikuwa zimeingia kwenye nafasi ileile iliyoachwa na vipande. Programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa zingeokota makombo, kama zingeokota chochote.

Basi tumaini lilikuwa ndani ya faili lenyewe la gigabaiti 28.5. Kama ukubwa unalingana mpaka baiti ya mwisho, maneno ya bibi yote yamo. Kinachokosekana ni njia ya kuyafikia.

Hapa lazima nieleze MP4 lilivyo, maana bila hilo kisa hakieleweki. Faili la MP4 ni mfululizo wa visanduku. Kila kisanduku kinaanza na baiti nne zinazotaja ukubwa wake, halafu herufi nne za jina lake. Cha mwanzo huitwa `ftyp`, kinasema hili ni faili la aina gani. Kikubwa kuliko vyote ni `mdat`, humo ndimo picha na sauti zenyewe zilimo. Halafu kuna `moov`, ambayo ni faharasa: inaeleza video ina urefu gani, na kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, inaanzia baiti ya ngapi kuhesabu kutoka mwanzo wa faili. Bila faharasa hiyo, `mdat` ni shehena isiyo na hati.

Ukibandika mafaili mawili ya MP4 mkia kwa kichwa, unapata `ftyp`, `mdat`, `moov`, kisha tena `ftyp`, `mdat`, `moov`. Programu ya kuchezea video inasoma faharasa ya kwanza, inaambiwa video ina dakika 12, inaamini, na inaishia hapo. Hata kama ingeisoma faharasa ya pili isingefaa, kwa sababu namba zake zinahesabu kutoka mwanzo wa kipande cha pili, na kipande hicho sasa kimesukumwa gigabaiti 4 mbele.

Amri ya `copy /b` si ya uongo. Ina mahali pake. Mafaili ya VOB yanayotoka kwenye DVD na mafaili ya TS, aina inayotumika kwenye matangazo ya televisheni, yamejengwa kwa pakiti ndogondogo zinazojitegemea. Pakiti ya TS ina baiti 188 tu, na faili la namna hiyo halina faharasa moja inayotawala yote. Ukiyabandika kwa `copy /b`, mara nyingi yanacheza. Aliyemfundisha kijana alifundisha kweli ya aina moja ya faili kana kwamba ni kweli ya mafaili yote.

Na ile `/b` ndiyo iliyookoa simulizi. Ukitumia `copy` kuunganisha mafaili bila `/b`, Windows huyachukulia kuwa ni maandishi, na kila faili husomwa mpaka inapokutana na alama ya zamani ya mwisho wa maandishi, baiti yenye thamani 26. Katika video, baiti hiyo hutokea mapema sana. Kijana angeiacha ile alama ndogo, tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa leo.

## Maamuzi na sababu zake

Nakala kwanza. Kabla ya kugusa lolote niliazima diski ya nje ya terabaiti 1 iliyofomatiwa kwa exFAT, ambayo haina kikomo cha gigabaiti 4, nikanakili faili zima. Kazi yote iliyofuata ilifanyika kwenye nakala. Kijana aliona tunapoteza muda. Nilimwambia kwamba hivi sasa bibi yupo mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni diski ya laptopu kongwe.

Kuthibitisha kabla ya kukata. Niliendesha `ffprobe`, programu inayokuja pamoja na FFmpeg, zana ya bure ya kushughulikia video, na isiyobadilisha chochote kwenye faili. Ilitoa urefu wa dakika 12 kasoro na kuonya kwamba imekuta `moov` iliyorudiwa na imeiruka. Faili la gigabaiti 28.5 lenye dakika 12, na `moov` zaidi ya moja. Dhana yangu ikawa uhakika.

Kukata kwa kufuata visanduku. Ningeweza kutafuta neno `ftyp` ndani ya faili zima na kukata kila lilipo. Sikupenda. Katika baiti bilioni 28, herufi nne hizo zinaweza kutokea kwa bahati mbaya katikati ya picha, na ukikata hapo umeharibu. Njia salama ni kutembea: soma ukubwa wa kisanduku, ruka mpaka mwisho wake, soma kinachofuata. Kila unapokuta `ftyp`, huo ni mwanzo wa kipande. Niliandika mistari hii kwa Python, lugha ya kuandikia programu:

```
import os, struct
chanzo = "bibi_yote.mp4"
jumla = os.path.getsize(chanzo)
mianzo = []
with open(chanzo, "rb") as f:
    hapa = 0
    while hapa < jumla:
        f.seek(hapa)
        n, jina = struct.unpack(">I4s", f.read(8))
        if n == 1:
            n = struct.unpack(">Q", f.read(8))[0]
        if n == 0:
            break
        if jina == b"ftyp":
            mianzo.append(hapa)
        hapa += n
print(len(mianzo), mianzo)
```

Mstari wa `n == 1` upo kwa sababu kisanduku kikubwa kupita kiasi huandika ukubwa wake kwa baiti nane zinazofuata jina. Programu haikukaa hata sekunde mbili, maana inaruka tu, haisomi picha. Ikachapisha 8. Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake ikishuka.

Baada ya hapo nilikata faili kwenye mianzo ile minane, kila kipande kikawa faili lake. Namba za faharasa zikarudi kuwa sahihi zenyewe, kwa kuwa mwanzo wa faili ulirudi pale kamera ilipouweka. Kisha kila kipande nilikipitisha hapa:

`ffmpeg -v error -i kipande.mp4 -f null -`

Amri hii inafungua kila fremu na kila chembe ya sauti, haihifadhi kitu, na inataja makosa tu. Kwa vipande vyote vinane haikutaja hata moja.

Kurudisha mpangilio. Hili kijana hakulijua kabisa, na lingemuumiza hata kama `copy /b` ingefaa. Kamera ile huandika namba ya kipande kabla ya namba ya rekodi. Kwa hiyo ukipanga kwa alfabeti, kipande cha kwanza cha asubuhi kinafuatwa na kipande cha kwanza cha mchana, halafu cha pili cha asubuhi, halafu cha pili cha mchana. Nasaba ingesomwa kwa kuruka vizazi. Bibi angeanza kumtaja babu wa babu, akadakia harusi ya mwaka juzi, akarudi kwa babu.

Tulijua alfabeti imepangaje, hivyo tungeweza kuyapa mafaili majina sahihi kwa hesabu tu. Lakini nilitaka ushahidi wa sikio. Tulisikiliza sekunde kumi za mwisho na sekunde kumi za mwanzo za kila kipande, kijana akaandika maneno kwenye karatasi. Kipande kimoja kiliishia "mjo", kingine kikaanza "mba wake ndiye aliyemlea." Hapo hapahitaji hesabu. Viungo vyote sita vya ndani ya rekodi, vinne vya asubuhi na viwili vya mchana, vilikubaliana na namba.

Kuunganisha bila kusaga upya. Vipande vya rekodi moja vina kodeki moja (njia ya kubana picha na sauti), vipimo vimoja, fremu 25 kwa sekunde, sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde. Hakuna sababu ya kuvisaga upya, yaani kuvifungua na kuvibana tena, na kupoteza ubora. Niliandika faili la maandishi `asubuhi.txt`, kila mstari kipande kimoja kwa mpangilio wake:

```
file 'a1.mp4'
file 'a2.mp4'
file 'a3.mp4'
file 'a4.mp4'
file 'a5.mp4'
```

Halafu:

`ffmpeg -f concat -safe 0 -i asubuhi.txt -c copy asubuhi.mp4`

`-c copy` inahamisha picha na sauti kama zilivyo na kuandika faharasa moja mpya ya video nzima. Hicho ndicho kitu ambacho `copy` ya Windows haikifanyi. Kasi yake ni kasi ya diski. Nikarudia kwa mchana.

Kipande cha simu. Hapa nilikosea njia mara ya kwanza. Mama mdogo alikuwa ametuma zile dakika 9 kwa WhatsApp, na WhatsApp huikamua video inayotumwa kwa njia ya kawaida. Nilimwomba aitume tena kama hati, faili lenyewe lisiguswe. Alikuwa hajaifuta, alhamdulillahi. Ilipofika nikaiweka kwenye orodha katikati ya asubuhi na mchana, nikajaribu `-c copy` kwa sampuli ya sekunde 20 kutoka kila upande.

Ilikubali bila kugoma, na matokeo yalikuwa mabaya. Bibi alilala ubavu. Simu ikishikwa wima haiigeuzi picha. Huihifadhi ikiwa imelala na kuandika pembeni agizo la kuizungusha, na agizo hilo lilipotea kwa sababu faili jipya linafuata kanuni za kipande cha kwanza. Sauti nayo ilikuwa ya 44,100 ndani ya faili linalojitangaza kuwa la 48,000, hivyo ikawa nyembamba na kutangulia midomo. Na fremu za simu hazikuwa na mwendo mmoja. Huwa thelathini kwa sekunde hivi, zinapungua mwanga ukipungua.

Nikaamua kutengeneza vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni hazina: vipande vinane vya asili, `asubuhi.mp4`, `mchana.mp4`, na faili la simu lisiloguswa. Cha pili ni nakala ya kutazama, ambayo ndiyo atakayobonyeza shangazi, na hiyo inasagwa upya yote ili kila sehemu iwe na vipimo vimoja:

```
ffmpeg -i asubuhi.mp4 -i simu.mp4 -i mchana.mp4 -filter_complex "[0:v]fps=25,setsar=1[a];[1:v]scale=-2:1080,pad=1920:1080:(ow-iw)/2:0,fps=25,setsar=1[s];[2:v]fps=25,setsar=1[m];[1:a]aresample=48000,aformat=channel_layouts=stereo[sa];[a][0:a][s][sa][m][2:a]concat=n=3:v=1:a=1[v][w]" -map "[v]" -map "[w]" -c:v libx264 -crf 22 -preset medium -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart simulizi.mp4
```

Ni ndefu lakini kila sehemu ina kazi. `scale` na `pad` zinaipunguza picha ya wima ifikie kimo cha 1080 na kuijaza weusi kushoto na kulia. `fps=25` inaunyoosha mwendo wa fremu. `aresample` inaipandisha sauti ya simu ifike 48,000. `faststart` inaweka faharasa mwanzoni mwa faili ili video ianze kucheza mtandaoni kabla haijashuka yote.

Kijana alipendekeza pembeni tuweke picha ileile iliyotiwa ukungu, kama wanavyofanya kwenye televisheni. Nilikataa. Uso wa mzee ukiwa katikati na vivuli vyake viwili vikitikisika kando, macho ya mtazamaji hayatulii kwake.

## Matokeo

Kusaga kulianza baada ya isha kwenye laptopu ileile na kukachukua kama saa tatu na nusu. Nakala ya kutazama ilitoka na dakika 94 na gigabaiti 2.6. Ni chini ya 4, kwa hiyo flashi iliyokataa mara ya kwanza sasa ilipokea. Msafiri aliondoka nayo, na televisheni ya shangazi huko Maskati iliisoma bila shida. Alipiga simu usiku. Aliongea na mama yake, sisi hatukuongezewa hata salamu, na sikuona vibaya.

Hazina iko kwenye diski mbili: moja nyumbani kwa bibi, nyingine kwa ami yake kijana aliyeko mji mwingine. Vipande vinane hatukuvifuta.

## Uchambuzi

Kosa la kijana halikuwa uzembe, na nimewaambia wazazi wake hivyo. Alikagua. Alilinganisha ukubwa, akafungua faili, akatazama. Shida ni kwamba vipimo vyote viwili alivyovichagua vingefaulu kwa vyovyote. Ukubwa lazima ulingane, maana kubandika baiti hakupunguzi baiti. Na mwanzo lazima ucheze, maana mwanzo ni kipande cha kwanza ambacho hakikuguswa. Kipimo ambacho kingemwambia ukweli kilikuwa mbele ya macho yake: urefu. Programu yoyote ya kuchezea huonyesha saa ya video pembeni. Alikuwa na dakika 85, kioo kinasema 12. Ukijumlisha urefu wa vipande na kuulinganisha na urefu wa faili jipya, umeshajua sehemu kubwa ya unachotaka kujua. Baada ya hapo nenda kwenye kila kiungo, sekunde tano kabla na sekunde tano baada, usikilize. Kwa vipande vinane ni kazi ya dakika mbili.

Uamuzi wa kufuta ulilazimishwa na diski ndogo, na hilo ndilo eneo ambalo familia nzima inahusika, si kijana peke yake. Kuunganisha bila kufuta kunataka nafasi mara mbili ya video: 28.5 ya vipande na 28.5 ya faili jipya. Alikuwa nayo, kwa shida. Ambacho hakuwa nacho ni nafasi ya arusi. Kuazima diski siku moja mapema kungemaliza jambo. Watu waliochangia arusi kwa moyo ule wasingeshindwa kuchangia diski ya bibi, kama kuna aliyeambiwa kwamba inahitajika.

Kilichofaa zaidi kuliko ujuzi wangu wowote ni daftari. Kijana aliandika amri kama alivyoitekeleza, na alama ya `/b` ikiwemo. Angekuja na "niliunganisha tu kwa ile amri ya kuunganisha," ningeanza na programu za kurudisha mafaili, pengine ningeandika juu ya diski, na saa nyingi zingekwenda bure.

Kuhusu njia yangu, kuitenga hazina na nakala ya kutazama naiona ilikuwa sahihi, na ningeifanya mwanzoni badala ya kujaribu kulazimisha simu na kamera ziingie kwenye faili moja kwa `-c copy`. Kujaribu kwa sampuli ya sekunde 20 ndiko kulikonisaidia. Ningejaribu kwa faili zima, ningegundua usiku wa manane. Ipo pia njia ya katikati niliyoifikiria nikaiacha: kusaga kipande cha simu peke yake kifanane na cha kamera, kisha kuunganisha vitatu kwa `-c copy`. Hata vipimo vikifanana, kodeki iliyosagwa na kompyuta haiwi na mipangilio ileile ya ndani kama iliyosagwa na kamera, na baadhi ya televisheni huvuruga picha pale inapobadilika. Faili lilikuwa linakwenda Maskati, mbali na mkono wangu. Nilitaka lisiwe na mahali pa kuvurugika.

Kilichoshindikana ni zile dakika 9. Sauti imechukuliwa mbali, feni inasikika, picha ni nyembamba katikati ya weusi. Humo ndimo bibi alimowataja watoto wake watatu waliofariki wadogo, kila mmoja kwa jina lake na siku aliyozaliwa, jambo ambalo wanawe walio hai walikuwa hawajawahi kulisikia. Betri ya akiba ingetosha. Nilijaribu kuipunguza sauti ya feni, na kila nilipoipunguza na herufi za mwisho za majina zilipungua, nikairudisha kama ilivyokuwa.

Kimebaki kitu kimoja kidogo. Kwenye kiungo cha tatu cha asubuhi, ukivaa hedifoni, unasikia mguso mwepesi pale faili moja linapoishia na jingine linapoanza. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Ningeweza kuufuta kwa kufifisha sauti pande zote mbili, lakini mguso wenyewe umeangukia ndani ya neno, na kuufifisha ni kuila silabi. Shangazi ameshausikia, akauliza ni nini. Nilimweleza, akasema uachwe.